Kuna mtu amewahi kuliona daftari la viboko shuleni kwa mwanawe? (Moshi)

#1 Baba Manka
Wakuu, habari za jioni. Nina swali moja, wenye uzoefu mnijibu bila kunizungusha.

Mwanangu wa kiume yuko darasa la tatu, shule ya msingi ya serikali hapa Moshi mjini, jina la shule naliacha. Jumatano alirudi na mistari nyuma ya mapaja. Niliihesabu mama yake akimwogesha: saba. Kosa lenyewe, kwa maelezo yake, mwalimu alimwita mara tatu hakuitika. Ikahesabiwa kiburi.

Siwezi kuapa kwamba hana kiburi. Mtoto ukishamkabidhi shule hujui huko anavaa uso gani. Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Sikwenda kugombana, mimi mwenyewe nimekua kwa bakora. Nilimwomba mwalimu mkuu kitu kimoja tu, nilione daftari la adhabu. Shemeji yangu aliyewahi kufundisha aliniambia kila mtoto akichapwa inaandikwa: jina lake, kosa lake, viboko vingapi, kachapwa na nani.

Mwalimu mkuu akanitazama kama nimeomba kuonyeshwa chumba chake cha kulala. Kisha akacheka. Haikuwa dharau, alicheka kama mtu aliyekumbushwa rafiki wa zamani. Akasema, "Baba, hilo daftari... mimi nina miaka kumi na tisa kazini." Hakumalizia, akaagiza niletewe kiti.

Sasa swali. Kuna mzazi, mwalimu au mwanafunzi wa zamani aliyeliona daftari hilo kwa macho yake? Na kama halipo, kwa nini halipo?

#2 TikitiMaji
Nimekaa na karanga zangu nasubiri walimu wafike.

#3 Meku wa Kibosho
Saba tu ndiyo umefungulia uzi? Sisi fimbo tulikuwa tunaikata wenyewe. Ukileta ya mkahawa laini unarudishwa kihambani ukalete ya maana. Leo tumejenga, tumesomesha. Hawa wa sasa mnawalea kama mayai.

#4 binti_rau
Meku shikamoo. Wale waliokimbia shule kwa hizo fimbo hawapo humu wakujibu. Hawawezi kuusoma huu uzi.

#5 Meku wa Kibosho
Marahaba mwanangu. Hapo umenipata. Lakini saba ni saba tu.

#6 Konda Mstaafu
Sheria inaruhusu sita. Nakumbuka kabisa, tulisomewa mstarini. Kwa hiyo hapo kimezidi kimoja, mwalimu ajieleze kwa hicho kimoja.

#7 Wakili wa Kijiweni
Namba 6, sita ni kanuni za zamani. Kanuni za Adhabu ya Viboko za 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema visizidi vinne kwa tukio moja. Na si kwa kila kosa, ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Mahali pa kuchapa ni kiganjani au makalioni juu ya nguo, kwa fimbo nyepesi. Mapaja hayamo.

Shemeji yako hakukudanganya. Daftari limo kwenye kanuni, na mkuu anatakiwa kulisaini.

Kuna jambo watu hulipita: kabla ya kuchapa inatakiwa kuangaliwa uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto. Shika hilo neno la mwisho.

#8 Kaka Mbuyuni
Kwa hiyo kila mwalimu wa zamu anayechapa waliochelewa getini anatakiwa awe na barua mfukoni? Hahaha. Nchi hii kwa karatasi hatujambo.

#9 Mwl Chaki
Walimu tumefika, TikitiMaji tafuna taratibu.

Nimefundisha miaka kumi na moja, Hai na sasa Moshi Vijijini. Nimeliona daftari hilo mara moja. Kauntabuku kubwa yenye jalada jekundu, ndani ya kabati, chini ya mpira uliopasuka na boksi la chaki. Kurasa mbili zimejaa. Tarehe zinaanzia Januari mpaka Agosti, lakini mwandiko ni mmoja, kalamu ni moja, na wino umekolea sawasawa toka juu mpaka chini. Lilijazwa usiku mmoja, kesho yake tulikuwa na wageni kutoka wilayani. Najua kwa sababu taa ya chemli niliishika mimi.

Kwa nini halipo? Darasa langu lina watoto tisini na mbili. Kuchapa ni sekunde kumi. Kuandika ni kutoka darasani, kwenda ofisini, kumtafuta mwenye ufunguo wa kabati, kurudi. Ukirudi darasa limekuwa soko la Mbuyuni. Sijitetei, naeleza.

#10 binti_rau
Mwalimu, lakini hiyo dakika tano ya kwenda ofisini si ndiyo dawa yenyewe? Ukirudi hasira zimeshashuka.

#11 Mwl Chaki
Namba 10 umenipiga hapo. Nadhani hata waliotunga kanuni walilenga hilo hilo.

#12 Wakili wa Kijiweni
Mimi sikubaliani na sababu ya msongamano. Shule zenye watoto thelathini darasani nazo daftari hakuna. Daftari halipo kwa sababu ni ushahidi. Ukiandika "saba" umejishtaki mwenyewe, ukiandika "nne" mtoto ana mistari saba umedanganya kwa saini. Usipoandika, hakuna kilichotokea.

#13 Laizer wa Ngaramtoni
Nyie wote mnawaonea walimu. Sisi wazazi ndio tunaokwenda shule na kusema, mwalimu, nyama yako, mifupa yangu. Kikao cha wazazi huku kwetu mwaka jana mwalimu mmoja kijana alisema hachapi. Akazomewa! Mama mmoja akasimama akasema huyo ahamishwe, watoto watashindwa mtihani wa darasa la saba. Daftari la nini sasa, wakati mwenye mtoto ndiye anayedai fimbo?

#14 Sista wa Zamu
Baba Manka, naacha sheria kidogo. Umesema aliitwa mara tatu hakuitika. Darasani anakaa upande gani?

#15 Baba Manka
Sista, nimemwuliza sasa hivi. Anasema safu ya tatu, upande wa kulia, jirani na dirisha. Kwa nini?

#16 Sista wa Zamu
Akiangalia ubao kutoka hapo, darasa lote na mwalimu wako upande wa sikio lake la kushoto. Simama nyuma yake upande wa kushoto, umwite kwa sauti ya kawaida, asikuone. Kisha fanya hivyo kulia. Usimwambie unapima.

#17 Baba Manka
Kulia kageuka mara moja. Kushoto nimeita mara mbili hakugeuka, ya tatu kageuka. Mama yake amenyamaza anaangalia ukutani.

Sikio hilo lilitoa usaha akiwa na miaka miwili. Bibi yake alimtia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, likakauka, tukasahau.

#18 Sista wa Zamu
Mafuta msitie tena, wala jani, wala maziwa ya mama, wala kijiti cha pamba. Sikio lililotoa usaha huenda ngoma yake ina tundu. Mpeleke hospitali ya Mawenzi waangalie kwa taa, wakiona haja watakuandikia rufaa KCMC kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Si lazima iwe kubwa. Inaweza kuwa nta tu imejaa.

#19 Kaka Mbuyuni
Yaani mtoto kachapwa saba kwa kutosikia. Nimeishiwa maneno.

#20 Shangazi Himo
Msikimbilie sikio hivyo. Wangu naye alikuwa haitiki shuleni, nikaambiwa kiziwi, nikaambiwa ana mapepo, kanisani wakamwombea. Kumbe shuleni walimwita jina la cheti, na nyumbani tangu azaliwe tunamwita jina la babu yake. Alikuwa hajui kama yule anayeitwa ndiye yeye! Darasa la kwanza lote likaisha hivyo. Baba Manka, mwanao anaitwa jina gani shuleni?

#21 Baba Manka
Shangazi, hapo umeniongezea mzigo. Shuleni anaitwa la ubatizo. Nyumbani hakuna anayelitumia.

#22 Mwl Chaki
Na mimi naongeza la tatu. Mtoto akishachapwa mara mbili mbele ya wenzake, akiitwa anaganda. Anasikia vizuri kabisa, ulimi hautoki. Mwalimu anaona kiburi, kumbe ni woga. Nimewaona wengi, na baadhi niliwagandisha mimi.

#23 Meku wa Kibosho
Au ni kiburi kweli. Hamtaki kuliweka hilo mezani?

#24 TikitiMaji
Meku hachoki.

#25 Mama Wawili
Naomba na mimi niseme langu. Kijana wangu ana ualbino, yuko darasa la tano. Mwaka juzi alikuwa analetwa nyumbani na barua kwamba hanakili ubaoni, mvivu. Na viboko alipata. Ubao hauoni! Alikuwa anasimama kwenda mbele, anaambiwa unazibia wenzako, rudi ukae. Basi anarudi anachora magari.

Tulivyomaliza hilo: nilimwomba mwalimu wa darasa dawati la mbele lisilopigwa na jua, na ruhusa ya kuvaa kofia mstarini, maana huwa wanavuliwa. Mafuta ya kujikinga na jua tunapata ya Kilisun, yanatengenezwa hapa hapa KCMC. Gharama kwa shule ilikuwa sifuri. Ilichukua miezi minane kueleweka.

Nilishauriwa pia nimpeleke Mwereni, wanakopokea wasioona. Sina neno baya juu ya Mwereni. Nilitaka tu alale nyumbani na agombane na dada yake.

#26 Nguzo Nane
Mama Wawili hongera. Ila tuseme ukweli, mtoto asiyesikia sawasawa bora apelekwe shule ya viziwi Mwanga, afundishwe na wanaojua. Huku kwa watoto tisini atapotea.

#27 Mwalimu Alama
Namba 26, hapana. Nilisomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, kule Tengeru. Shule ya viziwi ni kwa mtoto ambaye lugha yake itakuwa Lugha ya Alama. Mtoto mwenye sikio moja zima na anayezungumza vizuri ukimpeleka huko unamhamisha lugha bila sababu. Huyu anahitaji kuhamishwa dawati. Mita nne tu.

Kuna Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, vyote vinataka mtoto asome karibu na kwao na shule ndiyo imfuate. Sasa mniulize mimi mwenye cheti cha Patandi nafundisha nini. Nafundisha Hisabati darasa la sita, shule isiyo na kitengo cha elimu maalumu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu sikio la mtoto tangu niripoti.

#28 Nguzo Nane
Nimekuelewa mwalimu. Nafuta kauli, lakini watoto tisini bado ni watoto tisini.

#29 Kaka Mbuyuni
Mimi naona asili ya yote ni Mjerumani. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, imetoka kwao, babu zetu walichapwa mashambani na kwenye boma, nasi tukairithi tukaiita malezi. Hapa hapa Old Moshi walimnyonga Mangi Meli mwaka 1900, bakora ilikuwa salamu tu. Daftari linatoka wapi kwenye utamaduni huo?

#30 Konda Mstaafu
Mjerumani alikuwa anaandika kila kitu bwana! Angekuwepo daftari lingekuwepo. Hahaha.

#31 Meku wa Kibosho
Na Wachaga kabla ya Mjerumani walikuwa wanabembelezana? Acha hizo mangi. Baba wa babu yangu alikuwa na fimbo yake.

#32 Mama Wawili
Turudi kwenye mtoto jamani.

#33 Laizer wa Ngaramtoni
Kenya walifuta viboko shuleni 2001. Vuka Holili tu hapo uone, na mitihani wanafaulu.

#34 Shangazi Himo
Laizer, nimeuza nguo Taveta miaka minne. Fimbo iko pale pale, imehamia nyuma ya mlango. Tofauti niliyoiona ni moja: mzazi wa kule akienda kulalamika, mwalimu ndiye anayetetemeka. Huku anatetemeka mzazi.

#35 Wakili wa Kijiweni
Namba 34 ndiyo maana ya sheria yenyewe. Kwetu Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na adhabu za kikatili, lakini papo hapo inaacha nafasi ya "kumrekebisha" kama si kwa kupita kiasi. Ukiunganisha na zile kanuni za viboko unapata mlango uliorudishwa bila komeo. Sababu yangu ya pili ya daftari kutokuwepo ni hiyo: nchi yenyewe haijaamua.

Na msidhani ni watoto wachache. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu robo tatu ya waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walipigwa au kuumizwa kabla ya kufika miaka 18. Walimu walitajwa sana.

#36 Nguzo Nane
Nami niongeze, usalama si fimbo peke yake. Noah ya shule inayopita kwetu asubuhi inabeba watoto mpaka wengine wamekaa kwenye mapaja ya wenzao, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Baada ya ajali ya basi la wanafunzi Karatu Mei 2017 tulisema hatutarudia. Aprili 2024 gari la shule likasombwa na maji Arusha, tukasema tena. Hatuna daftari la hilo pia.

#37 TikitiMaji
Namba 36 fungua uzi wake nitakuja na karanga kubwa. Hili linastahili.

#38 binti_rau
Baba Manka, pale utakapoona hawakusikilizi, piga 112 ya watoto, ni bure.

#39 Sista wa Zamu
112 ni polisi. Ya watoto ni 116, bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Ila kwa mistari saba na sikio, mimi ningeanza na hospitali, kisha mwalimu wa darasa, kisha kamati ya shule. Ukianza na polisi mtoto atasoma wapi kesho?

#40 Wakili wa Kijiweni
Sista, hapo tunatofautiana. Hiyo "atasoma wapi kesho" ndiyo inayofanya kila mtu anyamaze.

#41 Sista wa Zamu
Wakili, wewe unaona faili. Mimi namwona mtoto anaporudishwa pale pale.

#42 Meku wa Kibosho
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mwanamke humu ndani.

#43 Mama Wawili
Meku!

#44 Baba Manka
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku tano. Niwape marejesho.

Mawenzi walitoa nta kwenye sikio la kushoto, nyingi, ngumu kama gundi ya viatu. Baada ya hapo anasikia afadhali. Lakini daktari akaona pia kovu au tundu dogo kwenye ngoma, hakutaka kuapa, ameniandikia KCMC, tarehe ni wiki mbili zijazo. Kwa hiyo kama ni nta, ni tundu, ni jina la ubatizo la Shangazi, au ni woga wa Mwl Chaki, bado sijui. Nilimwita jana kwa jina la ubatizo, sikio limeshasafishwa, akakaa kimya. Nikarudia kwa jina la nyumbani akaitika hapo hapo. Nifanye nini na hilo?

Jumatatu nilirudi shuleni na karatasi ya hospitali. Safari hii sikutaja daftari. Mwalimu aliyemchapa ni dada mdogo tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alisoma karatasi mara mbili. Akaniambia, "Mimi nilidhani ananidharau kwa sababu ni mgeni hapa." Machozi yalimtoka, nikaanza kumbembeleza mimi. Nilikwenda nikiwa na hasira, nikatoka bila kujua nimuweke nani mahali pake.

Mtoto amehamishiwa dawati la mbele kushoto.

#45 Sista wa Zamu
Kushoto ni sawasawa, sikio zima linaelekea darasani. Usikose tarehe ya KCMC hata akionekana amepona.

#46 Shangazi Himo
Jina nilikwambia!

#47 Mwl Chaki
Huyo dada msimmalize. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani darasa zima linanidharau.

#48 Kaka Mbuyuni
Na daftari mkuu? Uzi ulikuwa wa daftari.

#49 Baba Manka
Wakati natoka, mwalimu mkuu aliniita. Mezani ana kauntabuku mpya, kibandiko cha bei cha dukani bado kiko juu ya jalada. Ameshapiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kosa, idadi, aliyechapa, saini. Akanisogezea niangalie. Safu ya afya hamna, nikamwambia, akaongeza kwa penseli pembeni.

#50 Wakili wa Kijiweni
Na ukurasa wa kwanza umeanza na tarehe ngapi? Na la mwanao limo?

#51 Baba Manka
Limeanza na tarehe ya Jumatatu ile ile. La mwanangu halimo.